Mdhaniaye ndiye: tunayosingiziwa watunzi wa hadithi

"Umeniandika mimi."

Hii ndiyo dhana iliyonitesa kuliko zote. Riwaya yangu ya kwanza ilipofika mtaani kwetu, huku Mji wa Kale, Mombasa, jirani yangu muuza mahamri alisomewa na bintiye sura mbili za mwanzo, akasema basi, funga. Hakuja kunitukana. Kesho yake asubuhi niliamka nikakuta leso imeanikwa kwenye kamba inayoelekea dirisha langu la jikoni, imenyooshwa vizuri ili jina lisomeke: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Ilikuwa kavu. Mpya ya Biashara Street, haijakatwa wala kupindwa, haijawahi kuona maji. Mtu haaniki nguo kavu ila ana la kusema.

Wiki nzima nilinunua mahamri Makadara.

Bi jirani aliamini kwamba yeye ndiye yule mwanamke wa sura ya pili anayekula pesa za mchezo za wenzake, zile za kuchangiana na kupeana kwa zamu. Na ukweli ni huu: mwanamke yule nimemuunga kwa vipande. Mwendo wake ni wa shangazi yangu, Mungu amrehemu. Kicheko nilikidaka kwenye feri ya Likoni siku ya mvua, kutoka kwa mtu ambaye uso wake sikuuona kamwe, tulivyokuwa tumebanana. Wizi wenyewe niliubuni mezani, kwa kujiuliza mtu mwenye mtoto mgonjwa na shilingi elfu ishirini za watu sandukuni atafanyaje usiku wa manane. Hakuna aliyeniambia. Nilikaa na swali hilo mpaka likajijibu.

Sasa nikiri. Kwa Bi jirani nimechukua kitu kimoja, na hakiko huko anakokitafuta. Sura ya saba kuna mzee mvuvi anayehesabu sarafu kwa kidole gumba ndani ya kiganja, bila kuzitazama, macho yako kwa mteja. Mkono ule ni wake. Nimeutazama miaka mingi nikingoja mahamri yangu yaepuliwe. Bintiye hajafika sura ya saba, nami sijamhimiza.

"Wewe mtu wa Mombasa, Kiswahili si unacho tu mdomoni?"

Nacho, lakini ni Kimvita, lahaja ya hapa Mombasa. Nyumbani tulisema ndia, nti, mato, mtele. Vitabu vinataka njia, nchi, macho, mchele. Na uamuzi huo haukutoka mbali: mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulikaa hapahapa Mombasa, mji ambao Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, alikuwa ameutungia mashairi kwa lahaja yake bila kumwomba mtu ruhusa. Najua sababu zao, lugha moja ya shule na ya kuchapishia vitabu ilihitajika Afrika Mashariki nzima. Bado hunikera kidogo kwamba tulishindwa tukiwa wenyeji.

Kwa hiyo mimi huandika kwa lugha niliyofundishwa darasani, habari za watu wanaosema nyingine. Dawa niliyoipata ni hii: msimulizi aseme sanifu, wahusika waseme kama walivyolelewa. Mswada wangu ulirudi kutoka kwa mhariri kila "ndia" imezungushiwa wino mwekundu. Mahali nilipoandika kuhusu bibi mmoja kwamba "mato yamemjaa matozi", alisahihisha kuwa "mito", nikabaki nikimwaza bibi wa watu na mito yake ya kulalia. Tulivutana kwa simu alasiri nzima. Nyingi alizirudisha, nyingine nilimwachia, na mpaka leo nikizipita kwenye kitabu nasikia kama mtu mwingine anasema kwa sauti yangu. Kuzaliwa na lugha kunasaidia sikio tu. Tahajia, viungo, na kujua lini uuvunje usanifu, hayo ni ya kusomea.

"Unakaa baharini unangoja ilhamu."

Baharini huenda, kule Mama Ngina, lakini kula mihogo ya kuchoma kwa pilipili na ndimu. Kazi hufanyika baada ya Alfajiri, kwa muda wa saa mbili hivi, kabla sijapanda matatu kwenda ofisini ninakojaza makaratasi ya mizigo ya bandarini. Msimu wa kaskazi joto huwa limeamka kabla yangu. Kiganja kinalowesha daftari, wino unatapakaa, naweka kitambaa chini ya mkono kama mpiga ramani. Siku njema inanipa ukurasa mmoja. Aya ya kwanza ya riwaya ile niliiandika mara kumi na nne, na iliyochapishwa ni ya tisa. Tano za mwisho nilikuwa naiharibu tu. Ilhamu huja, sikatai, ila hunikuta tayari mezani, na mara nyingi huja saa ya kuoga kwenda kazini.

"Mwenye kitabu ana pesa."

Mkataba wangu ni asilimia 10 ya anachopokea mchapishaji, na hulipwa mara moja kwa mwaka. Hundi iliyopita ilimaliza karo ya muhula mmoja, ikabakisha za samaki. Vitabu nchini vilianza kutozwa VAT ya asilimia 16 mwaka 2013, na mtaani kwetu nakala moja huazimwa nyumba kumi. Anayepata ni yule ambaye kitabu chake kimeteuliwa kusomwa shule za upili. Nikiona aibu ya kushika kazi mbili hujikumbusha kwamba Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha.

"Usimwambie mtu wazo lako, ataliiba."

Ofisini kuna kijana ana kisa, anasema ni moto. Hanisimulii mpaka kwanza nitie sahihi karatasi kwamba sitakichukua. Nimemweleza: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hailindi wazo, hulinda kilichoandikwa. Ukishakiweka kwenye karatasi kwa namna yako, ni chako papo hapo, hata kabla ya kukisajili, na haki hiyo hudumu maisha yako na miaka 50 baada ya kufa kwako. Wanaume wawili wakipewa wazo moja la mwizi wa pesa za mchezo watatoka na riwaya mbili zisizojuana.

"Basi nikiandika kurasa ngapi ndiyo nalindwa, kaka?"

"Hata moja."

Akafikiri, akapuliza kahawa yake tungu. Akasema anangoja kwanza anunue laptopu.