Tegu wa mbwa kwenye uti wa mgongo: upasuaji hauishii pale mshono unapopona

Mgonjwa wa aina hii mara nyingi hutufikia akiwa amechelewa. Mgongo umemuuma miaka, amemeza dawa za maumivu, pengine ametibiwa hata TB ya mifupa, maana picha za magonjwa haya mawili hufanana. Kinachomleta hospitali ni miguu kuishiwa nguvu au mkojo kuziba.

Mdudu mwenyewe ni Echinococcus granulosus, tegu (mnyoo bapa) wa mbwa mwenye urefu wa milimita chache tu. Mtu humeza mayai yaliyotoka na kinyesi cha mbwa, kwa mikono michafu, maji au mboga. Kiluwiluwi hupenya utumbo na kusafiri na damu. Wengi hukwama kwenye ini na mapafu, na huko hugeuka vifuko vya maji. Mifupa hupatwa mara chache, na karibu nusu ya mara hizo ni uti wa mgongo.

Kwenye ini, mwili hujenga ganda kuzunguka kifuko cha maji cha tegu, na daktari huweza kukitenga. Kwenye mfupa ganda hilo halipo. Vifuko huchipua vidogo vidogo kama vichala vya zabibu, vikajipenyeza katika kila upenyo wa pingili (mifupa ya uti wa mgongo) hadi vibane neva.

Tunapopasua, tunazungushia eneo vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali. Kifuko kikipasuka, maji yake yanaweza kuotesha vifuko vipya au kuzusha mzio wa kuua. Ndiyo maana uvimbe unaoshukiwa kuwa wa tegu hauchomwi sindano ovyo. Pingili zilizoliwa zikitolewa, uti huimarishwa kwa vyuma.

Halafu ni albendazoli, dawa ya minyoo, kwa kawaida miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa mtu mzima, pamoja na chakula chenye mafuta ili inyonywe vizuri. Hutumika miezi mingi, wakati mwingine miaka, huku damu ikipimwa kuangalia ini na chembe nyeupe. Mjamzito, au anayetarajia mimba, amwambie daktari kabla ya kuianza.

Niseme wazi: ugonjwa huu hurudi mara nyingi, na wapo wanaopasuliwa zaidi ya mara moja. Aliyefika akiwa bado anatembea ana matumaini makubwa kuliko aliyekwisha kupooza. Kinachoniumiza ni mgonjwa kupata nafuu, akaacha dawa na kliniki, kisha akarudi amebebwa. Picha za MRI zinahitajika kwa miaka, hata kama huhisi lolote. Na ganzi au udhaifu ukirejea miguuni, usingoje tarehe ya kliniki; njoo siku hiyohiyo.