Ugumu wa maji kwenye akwariamu, na kwa nini changarawe ndio inayokuchagulia samaki

Ugumu wa maji ni kiasi cha madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, khasa kalsiamu na magneziamu. Huyaoni kwa macho, maji yanakuwa safi kabisa, lakini ukichemsha maji ya kisima kwenye birika kila siku baada ya muda unaona utando mweupe mgumu umeganda chini, basi ndio hayo hayo madini yamebaki. Maji ya mvua hayana, ndio mana ukifulia maji ya mvua sabuni inatoa povu mara moja na ukifulia ya visima vyengine unasugua mpaka unachoka. Maji yenye madini mengi tunayaita magumu, yenye machache ni laini.

Kwenye vipimo vya akwariamu utakuta herufi mbili mbili, GH na KH. GH ni hio kalsiamu na magneziamu kwa jumla, na digrii moja ni kama miligramu 17.8 kwa lita moja ya maji, ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. KH ni upande wa kaboneti, na hii wengi hawaiangalii na mimi naona ndio muhimu zaidi, kwa sababu KH ndio inayozuia pH isiyumbe (pH ni kipimo cha asidi, 7 ni katikati, chini ya hapo maji yana asidi). KH ikiwa juu pH inakaa juu haitikisiki, KH ikiwa karibu na sifuri pH inaweza kuanguka usiku mmoja na asubuhi ukakuta samaki wote wamelala ubavu.

Sasa kwetu Unguja hili jambo lina uzito kuliko kwa mtu wa Njombe au Iringa, kwa sababu sehemu kubwa ya kisiwa chenyewe ni jiwe la matumbawe. Nenda Makunduchi, Jambiani, Kizimkazi, kote kule unakanyaga mawe ya bahari ya zamani, na nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe hayo hayo na chokaa iliyochomwa kutokana na hayo hayo. Mvua ikinyesha maji yanapita kwenye udongo yanabeba kaboni dayoksaidi, yanakuwa na asidi kidogo, yanaingia kwenye mawe yanayala taratibu (mapango yetu yametokana na hivyo) na mpaka yafike kisimani yameshabeba chokaa ya kutosha. Upande wa magharibi wa Unguja na sehemu kubwa ya Pemba udongo ni mnene zaidi, kwa hio usiseme tu maji ya Zanzibar ni magumu ukamaliza, pima ya kwako, kisima cha jirani kinaweza kuwa chengine kabisa. Na kisima cha karibu na pwani kinaweza kuwa na chumvi juu ya hayo, hio ni shida nyengine.

Haya, tuje kwenye changarawe.

Mtu anapoanza tangi dogo la mimea, tuseme lita 60, kitu cha kwanza kinachomjia ni mchanga mweupe wa pwani, upo, unapendeza, au zile kokoto za ujenzi zinazopondwa kwa nyundo. Mchanga wa Paje au Nungwi ule ni vipande vya matumbawe na makombe vilivyosagika, na kokoto nyingi za hapa ni jiwe la matumbawe limepondwa. Vyote viwili ni kalsiamu kaboneti, ndio hio chokaa ninayoisema. Ukiviweka kwenye tangi havitulii, kwa sababu ndani ya tangi asidi inazalishwa kila siku, samaki wanapumua, uchafu unaoza, bakteria wanafanya kazi yao, na asidi hio inaila changarawe na changarawe inarudisha chokaa kwenye maji. Ugumu unapanda, KH inapanda, pH inakwenda kukaa karibu na 8. Unabadilisha maji, unatia ya mvua, baada ya siku chache umerudi pale pale. Hapo unapambana na sakafu ya tangi lako mwenyewe na huwezi kushinda mpaka uitoe. (Na mchanga si wa kuchota ovyo, ni maliasili inayodhibitiwa, watu wanahitaji kibali.)

Kujua changarawe ni ya aina gani ni rahisi sana, chukua punje chache safi na kavu, zimiminie siki, angalia kwa karibu dakika chache. Ikitoa povu ina kaboneti. Ikikaa kimya, iko salama kwa maji laini. Ndimu pia inafanya kazi. Fanya hivyo hata kwa mawe ya mapambo, na hata kwa changarawe ya dukani usimuamini muuzaji kwa maneno tu, na zile za rangi rangi mie siwashauri kabisa kwani nyengine rangi inabanduka.

Kwa tangi la mimea tafuta changarawe isiyotoa povu yenye punje za milimita 2 mpaka 3. Kubwa zaidi ya hapo chakula kinadumbukia katikati kinaozea chini, ndogo sana kama vumbi inashikana na mizizi haipati hewa. Weka kina cha sentimita 5 mbele na 7 au 8 nyuma, na ioshe mpaka maji yatoke safi kweli kweli. Ila changarawe ya namna hii haina rutuba yoyote, mmea unaokula kwa mizizi kama kriptokorini utahitaji vidonge vya mbolea vya kufukia. Anubiasi na kangaga la Java usiwafukie, wafunge kwenye gogo au jiwe, shina lao likizikwa linaoza. Valisneria inayapenda maji magumu na inaweza kuchukua kaboni kutoka kwenye hio hio kaboneti, kwa kisima cha chokaa huo ndio mmea wa kuanzia. Ukiona majani mapya yanakuwa ya manjano na mishipa imebaki kijani, mara nyingi ni chuma, pH ikiwa juu chuma hakipatikani kwa urahisi.

Samaki sasa. Kama maji yako ni magumu chukua gapi, moli au plati, hawa ndio maji yao, na konokono pia magamba yao yanakuwa mazuri. Lita 60 gapi madume 6 au 8 wanatosha, ukichanganya na majike jiandae, jike anazaa karibu kila mwezi. Moli anakuwa mkubwa, kwa tangi hili mie ningemuacha. Neoni tetra kwao ni Amazon, maji laini yenye asidi, anaweza kuishi kwenye maji magumu kiasi lakini si pake, ukimtaka basi kinga maji ya mvua wakati wa masika (wacha ya mwanzo yaoshe bati kwanza) uchanganye na ya mfereji (bomba), usitumie ya mvua matupu kwa sababu hio KH niliyoisema.

Na ukiwa na pH ya 8 usijaze samaki kwa pupa. Amonia inayotoka kwenye uchafu wao ina sura mbili, moja haina madhara makubwa na moja ni sumu, na pH ikipanda kwa 1 ile ya sumu inaongezeka karibu mara kumi, na joto letu linazidisha. Bakteria wanaoimaliza wanaishi kwenye changarawe na kwenye chujio na wanahitaji wiki 4 mpaka 6 kujijenga. Tia samaki wawili watatu, ngoja, pima, ongeza.

Mchanga wa matumbawe haukosi kazi lakini. Samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, kwao kule Kigoma pH inafika karibu na 9, ukiwawekea mchanga huo wanastarehe. Wanachimba tu, mimea iwe ya kufunga kwenye jiwe.

Halafu tunaye samaki wa kwetu, jina lake la kitaalamu Nothobranchius guentheri, hapatikani kwa asili popote duniani ila Unguja. Anaishi kwenye madimbwi yanayokauka, mayai yanabaki kwenye tope kiangazi chote, mvua zikija yanaanguliwa. Dume ana mkia mwekundu, wafugaji wa nchi za nje wanamjua vizuri kuliko sisi. Huyu changarawe ngumu haimfai kutagia, anataka kitu laini cha kujisukumia ndani, wanaomfuga wanamuwekea bakuli la mboji pembeni. Kwa ajili yake, gapi wakikuzidia tangini wagawe kwa wenye matangi, usiwamwage kwenye dimbwi wala mtaroni, kwani huko watamnyang'anya chakula na kuwala watoto wake.