Kompresa nne, kichwa kimoja

Saa nane usiku, ndani ya chumba cha kompresa, yaani mashine za kushindilia hewa, cha kiwanda kimoja kando ya ziwa hapa Mwanza, niligusa bomba la kutolea hewa la mashine namba tatu. Mota inanguruma, feni inatupa joto, lakini bomba limepoa. Haisukumi kitu. Namba nne vilevile. Fundi wa zamu akaniwahi: "Injinia, ukizizima hizo presha itashuka, mitambo itasimama."

Kompresa ya skrubu, inayobana hewa kwa skrubu mbili zinazozunguka, ikifika presha iliyopangiwa hufunga mdomo wa kuvuta hewa, ila mota huendelea kuzunguka, ikila robo hadi theluthi ya umeme wake wa kawaida, pengine zaidi. Kwa mashine ya kW 75 hiyo ni kW 22 hivi. Kwa zamu ya saa nane zinakwenda uniti 180 bila hewa yoyote kuingia kwenye tangi.

Pale kila mashine ilifuata sensa yake (kifaa cha kupima presha), zikapangwa kwa ngazi: ya kwanza inaacha kusukuma presha ikifika bar 8 (bar ni kipimo cha presha), ya mwisho inaingia ikishuka hadi bar 6.5. Mitambo ilihitaji bar 6.3 tu! Kila bar moja ya ziada hupandisha umeme kwa asilimia 6 au 7, na matundu ya mabomba nayo huvujisha zaidi. Isitoshe, chujio la namba mbili lilikuwa limeziba, na sensa yake iko kabla ya chujio. Ikawa inajiona imeshiba ilhali tangi lina njaa, basi mzigo ukawaangukia wenzake.

Dawa ni kidhibiti kimoja chenye sensa moja kwenye bomba kuu, baada ya kikaushio na tangi. Kinasoma presha na kasi inavyoshuka, kisha kinachagua nani aingie, nani azimwe kabisa. Presha ikawa inapanda na kushuka ndani ya upana wa bar 0.2 tu.

Lakini naomba wenzangu tuwe makini hapa, maana ndipo wengi wanapokosea. Wananunua kompresa moja yenye inveta, kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, wakidhani itaziba kila pengo. Tuseme ya kawaida inatoa mita za ujazo 13 kwa dakika, na ya inveta inatoa kuanzia 4 hadi 13. Kiwanda kikitaka 15, ya inveta peke yake haitoshi. Ukiwasha zote mbili, kiwango cha chini kabisa ni 17. Hapo kidhibiti kitawasha na kuzima mashine usiku kucha, hata kiwe kizuri vipi. Mashine ya kawaida inayotoa 6 ingemaliza ugomvi huo. Pima matumizi ya wiki nzima kwanza, ndipo ununue.

Tena tusinakili hesabu za Dar es Salaam. Mwanza tuko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 12, kwa hiyo mashine ileile inakupa hewa pungufu kwa uzito.

Yule fundi nilimwachia mipangilio ya zamani ndani ya kila mashine, ila nikazisogeza ngazi karibu karibu. Waya wa kidhibiti ukikatika, kila kompresa inarudi kwenye sensa yake na kazi inaendelea. Tuliuchomoa waya pamoja, mbele yake, tukasimama kuangalia geji. Sindano ikashuka hadi 6.5, namba tatu ikaingia. Ndipo akakubali tuizime namba nne.