"Atadhani Nataka Kumpiga Mzinga": Dhana Potofu Kuhusu Kuwatafuta Mliosoma Nao Chuo

Kazi yangu ni ushauri nasaha, na wengi wanaokuja kwangu ni watu wa miaka thelathini hadi arobaini na kitu. Wana kazi, au walikuwa nayo hadi juzi. Wana ndoa, au wamechoka kuulizwa wataingia lini. Wanachokosa ni mtu wa kuongea naye jioni ambaye si mume, si mke, wala si bosi. Nikiwaomba wanitajie watu waliowahi kuwa karibu nao, majina ya kwanza kutoka ni ya chuo: yule tuliyekaa naye chumba kimoja, yule tuliyekuwa naye diskasheni moja, yule aliyenikopesha hela bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, lilipochelewa. Mmeongea lini mara ya mwisho? "Mahafali." Au, "Msiba wa mama yake, mwaka ule." Sasa kwa nini usimtafute? Hapo napewa jibu lile lile, ambalo siku hizi naweza kulimalizia mwenyewe kabla mteja hajafika katikati.

"Nikimtafuta sasa hivi, atadhani nataka kumpiga mzinga"

Yaani atadhani nataka kumwomba hela. Sitasema hofu hii haina mizizi. Kila mmoja wetu amewahi kupokea "mambo" kutoka kwa mtu aliyepotea miaka sita, akajibu "poa", akakaa anasubiri kadi ya mchango. Na kadi ikaja, imepambwa maua, na tarehe ya mwisho ya kukamilisha ahadi iko chini kabisa. Ongeza matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", utaelewa kwa nini namba ngeni inayojitambulisha kama rafiki wa zamani inapokewa kwa mashaka.

Ninachokataa ni hatua inayofuata: kwamba kwa kuwa wapo wapiga mizinga, basi na mimi nikijitokeza nitahesabiwa humo, heri ninyamaze. Mtu anakaa kimya miaka kumi akimlinda mwenzake na usumbufu ambao mwenzake wala hajaulalamikia.

Mwaka 2022 Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichapisha majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 5,900 kuhusu jambo hili hili, la mtu kumtafuta mwenzake bila sababu kubwa. Waliotafuta walikadiria chini furaha ya waliotafutwa, na pengo lilikuwa kubwa zaidi pale ambapo aliyetafutwa hakutarajia kabisa. Soma hapo mara mbili. Ule ukimya mrefu unaouonea aibu unaweza kuwa ndio unaoipa salamu yako uzito.

Mwaka 2024 watafiti Lara Aknin na Gillian Sandstrom wakaja na habari ya kuchekesha kidogo. Hata pale watu walipopewa muda wa kuandika, mawasiliano wanayo, na wanaamini rafiki angefurahi, waliotuma hawakufika theluthi moja. Kumtafuta rafiki wa zamani kuliwawia vigumu sawa na kumsemesha mtu wasiyemjua barabarani. Kuwahakikishia kwamba mwenzao atafurahi hakukusaidia. Kilichosaidia ni mazoezi: walioanza kwa dakika chache kuwaandikia marafiki wa sasa, zaidi ya nusu yao waliweza kumwandikia na yule wa zamani. Tangu nisome hilo nimeacha kuwabembeleza wateja. Nawaambia watoe simu, waandikie kwanza watu wawili wa wiki hii, halafu wa tatu awe yule.

Najua utaniambia hao ni Wazungu, hawajui kamati ya harusi ni kitu gani. Wateja wangu wanaijua vizuri, na wakirudi kwangu wengi wanarudi na majibu marefu kuliko walichotuma, mara nyingine sauti ya dakika saba ambayo wanaisikiliza mara ya pili hapo hapo kwenye kiti. Asiyejibiwa yupo. Aliyetukanwa bado sijampata.

Kinachoharibu ni namna ya kuanza. Mwalimu mmoja, jina kapuni, ambaye ameniruhusu nisimulie, alinionyesha mazungumzo yake na mwenzake waliyekaa naye chumba kimoja hosteli ya Mabibo:

— Mambo
— Poa
— Upo?
— Nipo. Za siku?
— Nzuri tu

Basi. Akaniambia, "Unaona? Ananikwepa." Hakuna aliyekwepwa hapo. Yule mmoja ameshika simu anasubiri mzinga, huyu ameshika simu anaogopa kuonekana ana mzinga, na wote wawili wananyamaza kwa adabu.

Salamu ya kwanza iwe na kitu ambacho mnakijua nyie wawili tu. Tulikaa tukaiandika upya ikawa hivi: "Shoga, ni mimi wa kitanda cha juu. Leo nimepita dukani nikaona jiko la koili kama lile tulilokuwa tunalificha kwenye begi la nguo matroni akipita, nikacheka peke yangu. Mimi niko Tanga siku hizi, nafundisha sekondari. Vipi, ulisharudi Mbeya kama ulivyokuwa unasema?" Angalia kilichomo. Jiko la koili linathibitisha kwamba ni wewe kweli, maana tapeli hana habari za jiko hilo. Halafu kuna habari yako mwenyewe, fupi, isiyojisifu wala kulia. Mwishoni kuna swali linalojibika kwa mstari mmoja hata akiwa kwenye daladala. Usiandike "sina shida yoyote, nimekusalimia tu". Anayesema hana shida kabla hajaulizwa, ana shida.

Ukishatuma, weka simu chini. Tiki mbili za bluu si hukumu. Watu husoma ujumbe wakiwa kikaoni, wakiwa foleni ya benki, wakiwa wanamwogesha mtoto. Alama mbili za kuuliza ulizotuma baada ya saa moja ndizo zinazofukuza watu.

Akijibu, msichati mpaka mchoke. Piga. Amit Kumar na Nicholas Epley, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, waliwataka watu wawasiliane na rafiki wa zamani, wengine kwa simu, wengine kwa barua pepe. Wengi walitarajia simu ingekuwa na aibu zaidi. Waliopiga walijisikia karibu zaidi na wenzao, na aibu waliyoiogopa haikuzidi ile ya walioandika.

Na kama kweli una shida? Iseme mapema, kiasi na tarehe ya kurudisha, bila kuzungukazunguka kwa habari za watoto kwanza. Mtu akiombwa waziwazi anaweza kukataa waziwazi, na urafiki ukabaki salama. Kinachochukiza ni salamu ya wiki nzima ambayo kumbe ilikuwa inaandaa njia. Ila kama una harusi Desemba, nakuomba sana, watu uliowapoteza watafute Januari. Hili ni sharti langu binafsi na silegezi.

"Wenzangu wote wameshatoboa, nimebaki mimi"

Wote wepi? Kwenye grupu la watu mia na hamsini, wanaoweka picha ni wale wale. Aliyepewa cheo anapongezwa na grupu zima. Aliyepunguzwa kazini haweki tangazo. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima kwa watu anaodhani anafanana nao, ndiyo maana gari la jirani tajiri halikuumi kama gari la mtu mliyefanya naye sapu, mtihani wa marudio, pamoja. Mlianza mstari mmoja, unasema.

Hata hilo la mstari mmoja lina walakini. Waliomaliza 2016 wanakumbuka ajira za serikali zilivyosimamishwa katikati ya mwaka ule kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Mwenzao aliyetangulia mwaka mmoja alikuwa ameshaingia; wao wakakuta mlango umefungwa. Hapo hakuna akili wala uvivu, ni kalenda tu. Na picha ya gari haiambatani na hati ya mshahara, ambako, kwa aliyesoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla benki haijachukua ya kwake.

Namfahamu mtu aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi, sauti ya chuo kizima, ambaye alijificha kwa miaka baada ya biashara kuanguka. Alipojitokeza aligundua kuna wenzake watatu nao walikuwa wamejificha, wakiogopa atawauliza yeye wamefikia wapi.

"Si tuko wote kwenye grupu?"

WhatsApp inaruhusu grupu la watu 1,024. Kichwa chako hakiruhusu. Mtafiti Robin Dunbar, tangu kazi yake ya mwaka 1992, anakadiria kwamba binadamu anamudu mahusiano kama 150, na ndani ya hao wa karibu kabisa ni kama 5, ukiongeza duara linalofuata wanafika 15. Grupu la darasa ni ubao wa matangazo: misiba, michango, picha za asubuhi njema zenye kikombe na waridi. Siudharau ubao huo, msiba bila grupu ungekuwa mzito zaidi kubeba. Lakini "pole sana ndugu" yako iliyo chini ya "pole sana ndugu" nyingine themanini haijaongea na mfiwa. Mtafute pembeni, tena wiki ya tatu, watu wakishatawanyika.

"Tukikutana itakuwa kama zamani"

Haitakuwa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alionyesha mwaka 2018 kwamba urafiki wa karibu huchukua zaidi ya masaa 200 ya kuwa pamoja. Chuoni masaa hayo mlipewa bure: foleni ya kafeteria, umeme umekatika hosteli, usiku wa kuamkia mtihani. Leo mna mchana mmoja hotelini, mmoja anakimbilia basi la Dodoma, mwingine ana mtoto anayelia. Saa mbili za kwanza mtacheka sana, kwa sababu kumbukumbu za ujana huo ndizo zinazodumu kuliko nyingi za baadaye, na hadithi ya nani alidisko, yaani alifukuzwa kwa kufeli, kwa somo gani haiishi utamu. Saa ya tatu mtaishiwa. Hapo watu hudhani urafiki umekufa, wakati kilichoisha ni hadithi za zamani tu, na za sasa hazijaanza kusimuliwa.

Waandaaji wa mikutano ya darasa wanachangia tatizo. Ule mzunguko wa kusimama mmoja mmoja na kutaja jina, cheo, ofisi na idadi ya watoto, ufuteni. Unamfunga mdomo asiye na cheo kwa siku nzima. Mkitaka watu waongee, kaeni meza ndogo za watu wanne au watano, na msiweke muziki wa kushindana na sauti za watu. Na aliyekutesa chuoni hayumo katika mazungumzo haya. Huna deni la kumtafuta, hata grupu zima likikuambia yameshapita.

"Kuwatafuta watu wa chuo ni kutafuta koneksheni"

Nusu kweli. Mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza tangu 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi hupitia kwa watu tusio karibu nao sana, maana wa karibu wanajua tunachokijua. Mwaka 2011 watafiti Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan wakawapa mameneja kazi ya kuomba ushauri kwa watu waliopotezana nao kwa miaka: walipata mawazo mapya, na imani ya zamani ilikuwa bado ipo. Sasa angalia waliomba nini. Ushauri. Ukimwandikia mtu wa miaka kumi na mbili "niunganishe hapo ofisini kwenu", umempa mzigo asioweza kuubeba. Ukimuuliza "ofisi yenu huwa inaangalia nini kwenye maombi?", umempa kitu anachokijua, na atakueleza kwa raha.

"Mume wangu, au mke wangu, akienda mkutano wa darasa ataonana na wa zamani wake"

Mwenye nia hahitaji mkutano wa darasa, ana simu. Nendeni wote. Tuendelee.

"Hajibu, maana yake ananidharau"

Kabla ya dharau kuna mambo mengi ya kawaida kabisa. Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na wengi wakapoteza namba walizokuwa nazo tangu mwaka wa kwanza. Namba isiyotumika muda mrefu hurudi sokoni. Huenda ujumbe wako mzuri kuhusu jiko la koili umemfikia mchimbaji wa Kahama, ambaye mpaka leo anajiuliza matroni ni nani.

Aliyejitoa kwenye grupu naye, mara nyingi hakuwakimbia nyie. Simu ilijaa, au siasa za mwaka wa uchaguzi zilimchosha, au aliweka ahadi ya mchango akashindwa kuitimiza, halafu kila jioni mweka hazina akawa anarusha orodha yenye nafasi tupu mbele ya jina lake. Wahasibu wa magrupu, orodha hizo zinafukuza watu kuliko mnavyojua. Mkumbusheni mtu pembeni.

Kwa hiyo ukikuta kimya, muulize aliyekuwa CR wenu, yule mwakilishi wa darasa. CR hastaafu. Atakuwa na namba mpya, wilaya mwenzako alikohamishiwa, na pengine hata jina la shule wanakosoma watoto wake.