Kivuli kimefunga, udongo bado: dhana potofu kuhusu misitu inayorudi

Dhana: Matawi yakishagusana, msitu umepona.

Ukweli: Kivuli hutangulia, udongo hufuata kwa mbali. Miti inayokua haraka hufunga kivuli ndani ya miaka michache, huku ardhi chini yake ikiwa bado imeshindiliwa na kwato za ng'ombe. Kwenye vilima vya mawe vya Mwanza, penye udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, mboji hurudi polepole. Huanzia sentimeta 10 za juu, na chini ya hapo ni suala la miongo.

Usikisie, pima. Kata kopo la maziwa ya unga pande zote mbili, lizamishe sentimeta 5 ardhini, mwaga maji kwanza ili udongo ulowe, kisha jaza tena na uhesabu dakika hadi yaishe. Fanya hivyo chini ya mti, katikati ya mistari na kwenye njia ya mifugo, maana shimo moja litakudanganya. Rudia kila mwaka, Septemba kabla ya vuli; dakika zikipungua, udongo unalegea. Halafu fukua majani kwa mkono. Ukikuta majani makavu yamelala moja kwa moja juu ya mchanga mweupe, kazi ndiyo kwanza inaanza. Msitu uliokomaa una tabaka la kati: majani yaliyooza nusu, yenye nyuzi nyeupe za kuvu, na chini yake mboji nyeusi.

Dhana: Majani yafagiliwe, yanaleta moto.

Ukweli: Moto uzuiwe kwa barabara ya moto, yaani ukanda uliofyekwa, pembezoni. Ndani, yaacheni tafadhali! Maji ya mvua hujikusanya kwenye majani ya juu, na matone yanayodondoka kutoka mti mrefu huwa makubwa kuliko ya mvua yenyewe. Yakikuta ardhi tupu huichimba, na udongo huo huishia ziwani pamoja na fosforasi inayolisha magugu maji.

Dhana: Bila kupanda miche hakuna msitu.

Ukweli: Pale visiki vilipo hai, ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa ili mimea irudi yenyewe, inatosha. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulitegemea sana njia hiyo. Zuia mifugo, chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka kwa kila kisiki, kata mengine.

Na uwazi unaoachwa na mti ulioanguka? Si kasoro. Miche inayosubiri mwanga hupata nafasi hapo, na gogo likioza hulisha udongo. Ingilia kati pale tu nyasi ndefu zinapoanza kuuteka uwazi huo, kwa sababu hizo ndizo zitakazobeba moto hadi ndani.