Bwawa la kina kirefu halimkuzi perege

Kila kiangazi ujumbe huu hurudi kwenye magrupu ya wafugaji wa Mbeya, Iringa na Njombe: “Chimba futi kumi kwenda chini, samaki watakuwa wakubwa na hawatasikia baridi.” Anayeutuma kwa kawaida ana nia njema. Ila si kweli.

Perege hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi joto 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, hula kidogo na kudumaa. Jua hupasha maji ya juu. Ya chini hubaki baridi na hukosa oksijeni, hasa kwenye bwawa la maji yaliyotuama. Kwa hiyo mita moja upande wa kuingizia maji, na mita moja na nusu upande wa kutolea, zinatosha. Zaidi ya hapo unalipa vibarua bure.

Kupima si kazi. Funga kipimajoto kwenye kamba, kiteremshe hadi chini saa nane mchana, kiache dakika tano, ukivute haraka usome. Kisha pima juu.

Mkanganyiko una chanzo: Ziwa Nyasa lina kina cha karibu mita 700, na samaki wamejaa. Lakini wanaishi tabaka la juu. Chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni kabisa.

Ukiupata ujumbe huo tena, tafadhali usiusambaze. Kuna mtu Tukuyu anaweza kukodi ekskaveta kwa sababu yake.