Je, wajua kwa nini jengo jipya England linaweza kukamilika na bado watu wakazuiwa kuhamia?

Rangi imekauka, lifti inapanda na kushuka, funguo ziko tayari, na walionunua nyumba bado wanalipa kodi kwingine. Lakini kama jengo lina urefu wa angalau mita 18 au angalau ghorofa 7, na ndani yake mna nyumba mbili au zaidi za kuishi, sheria ya England haimruhusu mtu kulihamia hadi mdhibiti wa serikali wa usalama wa majengo atoe cheti. Kuwaingiza wakaaji bila cheti ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu jela miaka 2. (Na hizo mita 18 hazipimwi hadi paani. Hupimwa kutoka ardhini hadi sakafu ya ghorofa ya juu kabisa.)

Ukali huu chanzo chake ni Grenfell Tower, jengo la ghorofa 24 magharibi mwa London. Usiku wa Juni 14, 2017, friji ilishika moto katika nyumba moja ya ghorofa ya nne. Moto wa aina hiyo zimamoto huumaliza hapohapo jikoni. Huu ulipenya dirishani na kudaka ukuta wa nje, uliokuwa umevalishwa mabati ya alumini yenye plastiki katikati yake, kisha ukapanda hadi juu. Wakaaji walikuwa wameelekezwa wabaki ndani ya nyumba zao, na agizo hilo lilichelewa kufutwa. Watu 72 walikufa.

Kinachonikera mimi kuliko hayo mabati ni kwamba karatasi zilikuwepo. Ukarabati ulikamilika mwaka 2016, na halmashauri ikautolea cheti. Isitoshe, mjenzi wa England wakati ule aliweza kuchagua nani amkague, halmashauri au mkaguzi binafsi anayemlipa mwenyewe. Fikiria mwanafunzi anayejichagulia msahihishaji wa mtihani wake.

Sheria ya Usalama wa Majengo ya mwaka 2022 iliondoa uchaguzi huo kwa majengo marefu ya makazi. Sasa mkaguzi ni mmoja, mdhibiti wa serikali, na kuna milango mitatu, yaani hatua tatu za kukaguliwa. Wa kwanza ni wakati wa kuomba kibali cha mipango miji. Wa pili ndio mgumu: huchimbi msingi mpaka michoro ipitishwe. Wa tatu ni ule wa cheti cha kuhamia. Mlango wa pili ulipangiwa wiki 12, lakini maombi mengi yalikaa miezi na miezi, na wajenzi wakalalamika kwa haki.

Cheti kikishatoka, jengo lazima liandikishwe kabla ya watu kuhamia, na awepo mhusika mkuu anayewajibika kwa usalama wake, awe mtu au kampuni. Huyo hutunza kumbukumbu zote za jengo kidijitali, tangu michoro hadi kila badiliko, na hueleza kwa maandishi jinsi anavyozuia moto kuenea na jengo kuporomoka.

Wakaaji wa Grenfell walikuwa wamelalamika kuhusu usalama wa moto miezi mingi kabla ya usiku ule, wasisikilizwe. Siku hizi mhusika mkuu analazimika kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko ya wakaaji, na asiyeridhika na jibu alilopewa anaweza kulipeleka shauri lake kwa mdhibiti.